Jasusi wako anasoma mawazo, ndio maana mapenzi yake hayana moto

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Umoja, nimelifupisha kidogo: "Mwalimu shikamoo. Naandika riwaya, niko sura ya 9 na nimekwama. Jasusi wangu anaitwa Zena, ametumwa na sultani wa kisiwa chao aende mji wa adui akaibe siri ya uchawi wao. Ana kipawa, akikugusa mkono anasoma mawazo yako. Huko anapendana na Haruni, mtunza siri wa upande ule, na sheria ya mji ule inakataza wenye kipawa kuoana na mtu wa nje. Nilitumia marafiki sura za mwanzo kwa grupu ya WhatsApp wakasema imeandikwa poa lakini haiwashiki, mmoja akaniambia niweke busu sura ya 3 ndio wasomaji wasitoroke. Niweke? Na nifanyeje ndio hatari ionekane?"

Marahaba dadangu. Busu ngoja kwanza, nitalirudia, manake shida yako haiko hapo. Nilisoma sura zako nane na nusu nikiwa kwa matatu ya Buruburu, siku ile mvua ilifunga Jogoo Road tukakaa pale pale kama masaa mawili, kwa hivo nilikuwa na muda wa kuzisoma na kuzirudia, na kitu kilichonikera kiko ukurasa wa 6. Umeandika hivi: "Zena alimgusa mkono na mara moja akajua kila kitu alichokuwa akiwaza." Kila kitu! Jasusi anayejua kila kitu kwa kugusa mara moja ana kazi gani tena mle mjini, si aguse, ajue, apande jahazi arudi kwao kabla ya magharibi? Na mwanamke anayeona moyo wa mwanamume wote ulivyo, ile hofu ya atanipenda au anacheza na mimi, ile ya kuamka usiku kuangalia simu kama meseji imesomwa, ataitoa wapi? Kwa mguso mmoja umeua ujasusi na mapenzi pamoja, alafu unaniuliza moto umeenda wapi.

Sikucheki, mimi mwenyewe nilipita hapo. Mswada wangu wa kwanza ulikuwa na mganga anapaa, anapotea, anaponya, anaona kesho. Mchapishaji mmoja, simtaji, aliurudisha na mstari mmoja wa penseli juu ya ukurasa wa kwanza, kwamba kama anaweza haya yote anaogopa nini. Nilinuna mwezi mzima. Alikuwa sawa.

Sasa twende kwa Fumo Liyongo, yule shujaa wa hadithi za zamani za pwani. Najua ulikutana naye shuleni ukafanya mtihani ukamsahau, lakini sisi tayari tuna hadithi yenye uchawi, ujasusi na usaliti wa mtu unayempenda, na imeshonwa vizuri kuliko riwaya nyingi nazoletewa kuhariri. Liyongo ni jitu la vita, silaha haimwingii mwilini, sultani wa Pate anamuogopa mpaka halali. Kitu kimoja tu kinaweza kumuua, sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, na hiyo siri anayo yeye. Sasa angalia sultani anafanya nini. Jeshi halisaidii, kwa hivo anahitaji habari, na habari hiyo haipatikani kwa mtu yeyote isipokuwa anayelala nyumba moja na Liyongo, ndio anamwendea mtoto wake wa kumzaa na kumuahidi mke, binti wa sultani mwenyewe. Kijana anaenda kwa baba, anauliza kwa upole. Na hapa ndipo hunipiga kila mara, katika masimulizi mengine baba anahisi kabisa kwamba kijana ametumwa. Anahisi, na bado anamwambia.

Umeona hiyo sindano inavyofanya kazi tatu kwa wakati mmoja? Ni mpaka wa uchawi, ni siri inayotafutwa na jasusi, na ni kipimo cha mapenzi, manake anayeweza kuipata ni yule tu anayependwa. Itoe uone kama kuna hadithi inabaki. Uchawi wa Zena hauna sindano. Haumgharimu kitu, haukosei, hauwezi kutumika dhidi yake, kwa hivo sisi wasomaji tunamwangalia tu akishinda.

Na kabla hatujatoka kwa Liyongo kumbuka ile ya gerezani, kwangu ndio somo zuri la ujasusi tulilo nalo. Amefungwa pingu, mamake anamletea chakula kwa mkono wa kijakazi, na walinzi kila siku wanakula kile kizuri. Yeye anatunga wimbo, anauimba waziwazi mbele ya walinzi, kijakazi anaubeba mpaka kwa mama, na ndani ya wimbo kuna maagizo: oka mkate, ndani utie tupa, ile ya kukatia chuma. Mama anauoka wa wishwa, yaani makapi ya nafaka, ule mbaya mbaya ambao walinzi hawataki hata kuuonja, wanaupitisha huku wanacheka. Alafu usiku wa ngoma ya gungu watu wanapiga matoazi na mapembe, yeye anakata pingu ndani ya kelele hiyo hiyo. Hakuna uchawi hata chembe hapo, ni mtu anajua kwamba mlinzi ni mlafi na ana dharau. Zena wako hajawahi kujua kitu kama hicho kuhusu mtu yeyote, manake hajawahi kulazimika.

Bas, ningekuwa mimi ningefanya hivi. Kipawa chake abaki nacho, usitupe kazi ya sura nane, lakini kiwe ni kubadilishana. Akigusa mtu anachukua neno moja, neno moja tu, na yeye anaacha moja lake kwa yule mtu. Hachagui analochukua, na hachagui analoacha. Neno linaingia kichwani kwa sauti ya mwenye neno, kwa hivo anayejua mambo haya anatambua limetoka kwa nani. Haya ndio masharti yote, usiongeze mengine, na tafadhali usituwekee mzee mwenye ndevu aje kuyaeleza kurasa tatu.

Sasa rudi kwa siku ya kwanza pale sokoni, ile umemfanya Zena ajikwae ndio Haruni amshike mkono (kujikwaa ni kwa filamu, mfanye alipe kitu na apokee chenji). Mikono inagusana. Zena anapata neno moja, "kisima", na anafurahi, ni mwanzo mzuri wa kazi. Hatumwambii msomaji ameacha nini. Wanasalimiana, Haruni anamtajia jina lake, anamkaribisha kahawa, siku zinaenda, mapenzi yanaota, na sisi tunahesabu kila mguso pamoja na Zena tukiogopa neno gani limemtoka. Mpaka sura ya 9, hapo ulipokwama, ndio tunajua aliloacha siku ile ya chenji. Aliacha "Haruni". Kabla hajamtajia jina. Yaani yule mwanamume alisikia jina lake mwenyewe, kwa sauti ya mwanamke asiyemjua, ndani ya kichwa chake, dakika ile ya kwanza, na akajua huyu ametumwa kwangu. Na bado akamkaribisha kahawa. Wiki ya kwanza pengine alimkaribisha ili amchunguze, na yeye ni mtunza siri, ndio kazi yake. Lakini wiki ya sita? Hilo swali ndilo riwaya yako, dadangu, na huwezi kulijibu kwa kugusa, manake mguso unaleta neno moja tu, na neno moja linaweza kuwa "mapenzi" au "mtego" au "mvua".

Tukija kwa sheria ya kukataza, hapa nitakuwa mkali kidogo. Sura ya 5 unasema sheria ipo kwa sababu mfalme wa zamani alikuwa katili. Sheria ya kijinga inaunda mapenzi mepesi, manake hakuna anayeumia ikivunjwa, tunapiga makofi tu. Wewe umekulia Nairobi, unajua mapenzi yaliyokatazwa yanafananaje, si kila mara ni baba na rungu. Mara nyingi ni mama, hagombani na mtu, anaingia tu chumbani kulala saa kumi na mbili jioni na chakula hakuli. Ni kamati ya harusi iliyotangazwa na hakuna anayetokea isipokuwa binamu mmoja aliyekuja kwa sababu ya soda. Na uchungu ni kwamba ukimsikiliza huyo mama ana hoja, kuna kitu aliona akiwa mdogo. Sheria yako nayo iwe na hoja. Kwa kanuni ya kubadilishana hoja inajileta yenyewe: mtunza siri akioa mtu wa nje, kila usiku neno linatoka na neno linaingia, ndani ya mwaka mmoja mji hauna siri tena. Tupe nyumba moja iliyowahi kuungua kwa sababu hiyo, na mtu mmoja mzuri, pengine dada yake Haruni, aliyefiwa na watoto mle ndani, ndiye anayeisimamia sheria. Hapo wakivunja tunaogopa kweli, na tunawaogopa wao pia, si sultani peke yake.

Kuna kitu kingine kuhusu sheria na uchawi unaweza kukichukua. Mkoloni hapa Kenya alitunga Sheria ya Uchawi mwaka wa 1925, na sehemu yake kubwa inaongea juu ya mtu anayejifanya ana uwezo huo. Anayejifanya! Serikali haikubali kwamba kitu kipo na wakati huo huo inakiogopa vya kutosha kukitungia sheria. Mji wa Haruni ukiwa hivo utakuwa mji wa kuvutia sana, mchana wanatangaza sokoni kwamba kipawa ni uongo wa walaghai, usiku wana ofisi nzima ya watu wenye kipawa. Haruni mwenyewe kazi yake haipo kwa karatasi.

Sasa ujasusi wenyewe. Umemwingiza Zena mjini kama binti wa mfalme aliyekuja kwa sherehe, amevaa dhahabu, kila mtu anamwangalia. Kwani nani alikwambia jasusi anataka kuangaliwa? Siku ukiwa tao pita pale Kenyatta Avenue usimame mbele ya zile sanamu za askari wa Vita vya Kwanza, za mwaka wa 1928, utaona pamoja na askari kuna mpagazi. Hao ndio mtaa wa Kariokor umebeba jina lao, Carrier Corps, watu waliobeba vita nzima kichwani kutoka huku mpaka Tanganyika. Hakuna mtu anamficha mpagazi siri, wanaongea mbele yake kama wanaongea mbele ya punda. Na vita hiyo hiyo kulikuwa na afisa wa ujasusi wa Uingereza, Richard Meinertzhagen, ambaye alisimulia kwamba habari nzuri alizipata kwa karatasi zilizotumika kwa vyoo vya maafisa wa Kijerumani, manake waliishiwa wakawa wanajipangusa na barua za kazi. Ni uchafu, najua, lakini huo ndio ujasusi, ni takataka na subira. (Baadaye wanahistoria walipochunguza shajara zake wakakuta mengine ameyatunga, jasusi anadanganya mpaka daftari lake mwenyewe, hiyo pia ichukue.) Zena awe mfua nguo. Awe ndiye anayefua kanzu za watunza siri. Atajua nani ametoka jasho la hofu, nani amelala wapi, na hajamgusa mtu.

Ripoti zake ziko wapi? Nimezitafuta sura zote, unasema tu "alituma habari kwa bosi wake". Ziandike! Ndio mahali rahisi pa kuonyesha mapenzi bila kuyataja. Ya kwanza iwe hivi:

"Mtunza siri ana miaka kama thelathini. Alfajiri huenda kisimani peke yake. Hunywa kahawa chungu. Mkono wa kushoto una kovu refu kama kidole. Hana mke. Hucheka kabla ya kumaliza kusema."

Ya tano:

"Mtunza siri ameacha kwenda kisimani. Natafuta njia nyingine."

Na sisi tumetoka tu kumwona pale kisimani ukurasa uliotangulia, na Zena alikuwa naye. Ya tisa:

"Hakuna jipya."

Alafu bosi, ambaye nakuomba umfanye mama mwerevu na mwenye huruma, si yule wako anayegonga meza kila akionekana, anaziweka ripoti tisa kwa mkeka mbele yake na anaona kitu kimoja, kwamba mtu aliyekuwa anaandika mpaka kovu sasa haandiki hata rangi ya kanzu. Anajua. Pengine yaliwahi kumpata.

Na anazituma vipi? Umeweka njiwa. Njiwa sawa, lakini una mji wa pwani umejaa wanawake na kanga, na kanga ina jina limeandikwa hapo chini kila mtu analisoma. Wakubaliane na bosi kabla hajaondoka, kanga fulani ikianikwa dirisha la juu maana yake ni hii. Ile ya "Japo sipati tamaa sikati" majirani wataona ni mwanamke anamrushia mtu kijembe, mtu wa bosi akipita atasoma "siri sijaipata, naendelea". Iko wazi kama ule wimbo wa Liyongo. Na itafika siku ataianika na Haruni atapita chini, na maneno yale yatakuwa kweli kwa pande zote mbili, na Zena mwenyewe hatajua ameianika kwa ajili ya nani.

Kuhusu hatari. Unaweka mapanga mengi, na mapanga huwa hayanitishi kwa kitabu, najua hutamuua Zena sura ya 4. Nitakupa kitu cha kweli. Wakati Ujerumani iko mbili, idara ya ujasusi ya Mashariki chini ya Markus Wolf ilikuwa inatuma wanaume Bonn, mji mkuu wa Magharibi, kwa kazi ya kuwatongoza makarani wa serikali ya Magharibi, wanawake wapweke wanaopiga taipu barua za siri. Wengine waliolewa kabisa. Kuna mmoja wa wizara ya mambo ya nje aliolewa 1960, akawa anamletea mume nyaraka miaka yote hiyo, 1967 wakakamatwa, na ni kwenye kuhojiwa ndio alijua kwamba mume hakumpenda akamwoa, alipewa jina lake kwa orodha, kama kazi. Alijitoa uhai akiwa mahabusu. Nilivyosoma hiyo mara ya kwanza nilifunga kitabu nikaenda kuosha vyombo. Jela alikuwa tayari anaijua, kilichommaliza ni ile orodha, jina lake kwa karatasi kabla ya salamu ya kwanza. Sasa wewe una Haruni aliyesikia jina lake kabla ya salamu ya kwanza. Hatari yako ndio hiyo. Itunze, na mapanga punguza nusu.

Haya, busu. Sura ya 3 hapana. Kwa kanuni mpya kugusana ni ghali, kwa hivo Zena akishaanza kumpenda ataogopa kumgusa, hataki kumwibia na hataki kumwachia. Kila akipewa kikombe cha kahawa anakipokea kwa pindo la kanga, anasingizia kimechemka. Haruni anaona. Anaanza kukishika chini ili yeye apate sehemu ya juu, vidole visikutane, na hakuna anayesema kitu. Ufanye hivo sura ya 4, ya 6, ya 7, kidogo kidogo, mstari mmoja tu kila mara usiushangilie. Alafu sura ya 12 anapewa kikombe, anaachia pindo, anakipokea kwa mkono mtupu, juu ya vidole vya Haruni, na Haruni havitoi. Hao marafiki zako wa grupu watapiga kelele, niamini. Busu lenyewe likija baadaye au lisije ni juu yako, mimi ningelikata sura kabla ya neno kusikika.

Mambo madogo. Sura ya 4 theluji imeanguka, na sura ya 1 kuna minazi. Jina la sultani limebadilika mara mbili. Ukipata jumamosi moja nenda Maktaba ya McMillan pale Banda Street ukae tu usome tenzi za zamani kwa sauti ya chini, sentensi zako za vita zimejaa vumbi la filamu na tenzi zitazisafisha. Na amua kuhusu kahawa: sura ya 2 Haruni anakunywa chungu, sura ya 7 anaomba sukari vijiko viwili. Mimi ningeiacha chungu, na kashata iwekwe pembeni kwa sahani ndogo, yeye haili, anaisogeza tu upande wa Zena.